Jina Lililoingia Mlango wa Uani

Siku jina lake la zamani lilipokuja, Pramila alikuwa ameketi kwenye ngazi ya uani akichambua mchele. Ilikuwa Jumanne, siku ya mnada wa manjano, na kama kila siku ya mnada vumbi la manjano lilikuwa limeingia mpaka jikoni, likatua juu ya mitungi, juu ya kamba ya nguo na juu ya paka. Alitoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa, akainua macho. Kwenye mlango wa uani alisimama msichana wa miaka kumi na saba hivi. Nywele zake zilisukwa mikia miwili iliyokunjwa kwa utepe mwekundu, alivaa sketi ya shule ya buluu, na miguu ilikuwa na tope hadi magotini.

"Nimekuja," msichana alisema.

"Umetokea wapi?"

"Wai. Nimeufuata mto."

Pramila alimtazama. Kidevuni alikuwa na kovu dogo. Pramila alilijua, maana analo mwenyewe, la kuanguka kwenye mawe ya kufulia pale Wai alipokuwa mtoto. Akasogea upande. Msichana akaketi, akashika ukingo wa ungo, wakaendelea kuchambua.

Kwetu Sangli bibi harusi akishavuka kizingiti cha mumewe huwekewa sinia la mchele. Mume hushika pete ya dhahabu, na kwa ncha yake huandika ndani ya mchele jina jipya la mkewe, lile alilomchagulia. Wageni hulisoma kwa sauti, hupewa sukari, na habari huishia hapo. Jina la zamani hurudi kwa wazazi. Hukaa darini au nyuma ya pipa la nafaka, likipungua mwaka hadi mwaka, na kwa kawaida hufa pamoja na wazee wenyewe bila kumsumbua mtu. Lakini Sadashiv, mdogo wake Pramila, alikuwa ameuza nyumba ya marehemu baba yao, na walioinunua walikuwa wameivunja. Jina likawa halina pa kukaa.

Mama mkwe wake Pramila, ambaye nyumba nzima ilimwita Bi Mkubwa, alitoka kwenye sala akiwa na ua mkononi.

"Na huyu nani?"

"Ni jina langu, Mama. La nyumbani kwetu."

"Limefuata nini huku?"

"Nyumba imeuzwa."

Bi Mkubwa akaguna. "Huyo mdogo wako naye hana haya. Angengoja basi mvua ziishe. Haya, mkamwana, asiguse vyombo vya sala. Na aoshe miguu kabla hajaniharibia sakafu."

Mchana alirudi Keshavrao, mumewe Pramila, mwenye ghala la manjano, naye akiwa njano mpaka kwenye kope. Alielezwa. Aliuliza kama msichana anakula, akaambiwa anakula kidogo, akasema basi apewe. Keshavrao hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu najua msomaji atamtafuta mtu mbaya katika habari hii, na hatampata, na hilo ndilo linaloniudhi mimi hadi leo.

"Anaitwaje?" Keshavrao aliuliza huku akimega mkate wa mtama.

Pramila alifungua kinywa amjibu, na hakukuwa na kitu. Alilitafuta kama atafutavyo funguo kwenye fundo la sari yake, kwa uhakika kabisa kwamba zipo, na fundo likawa tupu.

"Si uliambiwa wewe siku ya posa?" alimwambia mumewe. "Baba alikutajia."

"Alinitajia, ndiyo." Keshavrao alitafuna. "Lakini mimi wakati ule nilikuwa nawaza lile jipya."

Hilo jipya, yaani Pramila, Keshavrao alilisikia kwenye redio ya duka siku aliyokwenda kununua pete. Halikuwa la mtu yeyote aliyemfahamu. Lilimpendeza tu. Na mwaka ule ule wa harusi alihangaika mwenyewe ofisi hadi ofisi mpaka vyeti vyote vya shule vya mkewe vikabadilishwa, na watu wakamsifu kwa bidii.

Wakamwuliza msichana mwenyewe.

"Sijui," alijibu. "Mimi sijiiti. Huwa naitwa."

Basi akakaa. Siku za mwanzo Bi Mkubwa alikuwa na wasiwasi kwamba msichana mkubwa hivyo, hajaolewa, kukaa ngazini kutwa, kutaleta maneno mtaani. Akasema aozwe. Alikuja mshenga, bibi mmoja wa Miraj mwenye mdomo, akamkagua meno na vidole, akaridhika. "Anapika?" Anapika. "Ana kiburi?" Hana. "Jina lake nani?" Ndipo ikabidi aandaliwe chai nyingine, aelezwe, na mshenga akafunga mkoba wake. Alisema ana wanaume wengi wanaotaka mke asiye na mambo mengi, ila hata wao wangetaka awe na jina la kubadilisha.

Jioni ile Bi Mkubwa alishuka taratibu akaketi karibu na msichana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Pramila alikuwa akiwasha jiko na alisikia yote.

"Langu pia lilikuja," Bi Mkubwa alisema. "Mimi niliolewa nina miaka tisa. Baba yangu alipokufa likaja hapa hapa, dogo hivi, limevaa kigauni cha maua, linamlilia mama. Mimi nina watoto wanne na ng'ombe wa kukamua. Ningelifanya nini? Nikalipatia kipande cha mkate, nikafunga mlango."

"Likaenda wapi?" msichana aliuliza.

"Lilikaa pale chini ya mpera mpaka mvua zilipoanza." Alizungusha shanga za sala. "Baadaye sikuliona. Wewe angalau una nguvu za kuchambua mchele."

Kisha akainuka akamgombeza Pramila kwa moshi.

Pramila hakuwa na raha. Angeweza kuzoea kama wengine, maana msichana hakudai kitu, na mchele wa nyumba ile haukuwahi kuwa safi namna ile. Lakini kila alipopita ngazini, msichana aliinua uso, akangoja kuitwa, kisha akauinamisha. Jambo hilo lilimuuma Pramila kuliko matusi. Akaanza kumjaribu. Akikanda unga alisema, "Suman." Akisonga dengu alisema, "Nirmala." "Kamal." "Usha." "Manda." Msichana alisikiliza kila jina kwa adabu, na vidole vyake havikusimama.

Akapanda basi kwenda Wai. Sadashiv alimkaribisha kwenye nyumba yake mpya ya ghorofa, akamkalisha chini ya feni.

"Sada, mimi niliitwaje?"

"Dada."

"Jina, Sada."

"Ndiyo nakwambia, Dada. Mimi nimezaliwa nikakuta unaitwa Dada. Mama alikuita Dada ili sisi tuzoee. Baba alikuita mwanangu." Sadashiv alikuna shingo, anajitahidi kweli. "Majirani walikuita Binti Mwalimu. Kwani Pramila lina ubaya gani? Zuri, la kisasa."

"Silo nililokuja nalo duniani."

"Aa, Dada! Kila mtu akitaka alichokuja nacho duniani si tutatembea uchi?" Akacheka, akaona yeye hacheki, akaacha.

Mke wa Sadashiv alileta chai. "Usijisumbue, wifi," alisema. "Mimi langu liko kwa baba, Satara. Hata sijawahi kuliulizia." Alipokwisha kusema hivyo alisimama na sinia mkononi muda mrefu kidogo, mpaka mumewe akamwuliza kama biskuti zimekwisha.

Alikuwepo mtu mmoja wa kulikumbuka, na Pramila alimkumbuka akiwa anarudi kituoni. Nalini, waliyekaa dawati moja, waliyegawana wino na maembe mabichi. Nalini alikuwa akiliita jina lile kutoka ng'ambo ya mto kwa sauti ya kuwaamsha mbwa. Pramila akageuza njia, akaenda kwa jamaa za Nalini. Walimwambia Nalini aliolewa upande wa Solapur. Anaitwaje siku hizi? Wakatazamana. Jina jipya hawakulishika. Wazee waliokwenda kwenye sukari yake walikuwa wamekufa. Na huwezi kumtafuta mtu Solapur nzima kwa jina alilokwisha kuvuliwa. Pramila alisimama kituoni akalia mbele za watu, kwa hasira zaidi ya huzuni, na mwuza karanga akamsogezea kigoda chake.

Aliporudi, aliyemfungulia mlango ni Revati.

Revati ni binti yake, mtoto wake wa pekee, na wakati huo alikuwa anamaliza chuo cha ualimu. Kwa desturi yetu shangazi wa mtoto ndiye humnong'oneza mtoto jina sikioni, siku ya kumlaza kwenye kitanda cha bembea. Siku ya Revati, shangazi alikuja akiwa amekauka sauti kwa mafua, hatoi hata neno. Wanawake walikuwa wameshashika kamba za bembea, wanasubiri. Basi Pramila aliinama mwenyewe akanong'ona, "Revati," kwa sababu ndiyo nyota aliyoipenda. Ndicho kitu pekee alichowahi kukipa jina maishani. Tangu siku hiyo Keshavrao alimwita Mama Revati, na mtaa mzima ukafuata, na yeye alilivaa jina hilo kama nguo aliyoishona kwa mkono wake. Jina la Pramila lilibaki la benki na kliniki.

"Umelipata?" Revati aliuliza.

"Sijalipata."

Revati akamtazama msichana wa ngazini. Yeye ndiye pekee nyumbani aliyezungumza naye kama mtu wa rika lake. Waliazimana vibanio, walipakana mafuta. Posa ya Revati ilikuwa imekubaliwa mwezi ule, ya kijana mmoja wa Kolhapur, Hemant Deshingkar, karani wa posta mwenye tabasamu jepesi, na Revati alimpenda, hakulazimishwa na mtu.

"Mama," alisema, "mimi sitaki kuja kukaa pale. Ngazi yenyewe nyembamba."

Alisema kwa mzaha, lakini alikuwa ameukamata mkono wa mama yake.

"Hutakaa," Pramila alisema.

"Utawaambia?"

"Nitawaambia."

Na kweli aliwaambia. Alimwita Hemant pembeni siku aliyokuja kula, akamwomba kitu kimoja tu: asimwandike binti yake jina jingine. Hemant alishangaa kwamba hilo nalo ni la kuombwa. "Revati? Zuri sana, mama. Mimi sina neno. Nitaandika hilo hilo, watu wale sukari yao, tumalize." Keshavrao naye hakupinga. Bi Mkubwa alisema siku hizi mambo yote yamegeuka, lakini alilisema kwa sauti ya chini. Pramila alilala usingizi mzuri, na asubuhi alimwongezea msichana wa ngazini sukari kwenye chai, kana kwamba sehemu ya deni lake imelipwa.

Siku ya uchumba akina Deshingkar walikuja Sangli wakajaza sebule. Wanaume walikaa kwenye mkeka mrefu na kuhani wa ukoo, wanawake wakabana upande wa jikoni. Sukari ilikuwa tayari kwenye karatasi za rangi. Kuhani alikuwa na sauti ya puani na haraka ya kwenda kwenye shughuli nyingine. Alitaka majina ya wazazi wa pande zote ili awaombee.

"Baba wa bwana harusi?"

"Trimbak," alisema mzee Deshingkar.

"Mama wa bwana harusi?"

Mzee Deshingkar akafungua kinywa, akafunga. Mkewe alikuwa amekaa pale pale, mama mnene mpole ambaye wote walimwita Mama Hemant, anatabasamu na kungoja kama wengine.

"Ngoja kidogo," mzee alisema. "Ninalo."

"Si ulimwandika mwenyewe!" shemeji yake akamtania. "Au kuku walikula mchele?"

Sebule ikacheka. Mzee akakuna sikio, akatazama dari, akahesabu kitu kwa vidole. Mwishowe uso ukamkunjuka.

"Revati! Naam. Revati."

Kicheko kikafa. Hemant alikuwa na miaka ishirini na saba na alikuwa hajawahi kulisikia jina la mama yake. Masikio yakamwiva. Kuhani aliendelea na dua mpaka akagundua kwamba hakuna anayeitikia.

"Sasa hapo," alisema mjomba wa Hemant, "kijana atamwita mkewe kwa jina la mama yake chumbani?" Wanaume wakacheka tena, safari hii kwa aibu, na ikawa wazi kwamba jambo limekwisha kuamuliwa bila mtu kuliamua.

Pramila alisimama kwenye mlango wa jikoni. Hakuwahi kusema mbele ya wageni wa kiume isipokuwa kuuliza nani anakunywa bila sukari.

"Tulikubaliana," alisema.

"Mama, hakuna aliyekataa," mzee Deshingkar alijibu kwa upole wa kweli. "Lakini unaona mwenyewe."

"Naona. Ila yeye ni Revati. Nilimpa mimi."

"Na mke wangu ni Revati. Nilimpa mimi."

Wote wakageuka kumtazama Mama Hemant, ambaye hakuzoea kutazamwa na aliificha mikono ndani ya sari.

"Mimi ningempa," alisema. "Kwa moyo mmoja. Lakini hili nilipewa tu, sijui kama ninaruhusiwa kulitoa. Na nikilitoa nitabaki na nini?" Akachungulia kupitia jikoni, hadi kule nje ambako mgongo wa msichana wa ngazini ulionekana. "Lile langu lilianza na S, nadhani. Au Sh."

"Mama Revati," Keshavrao alisema, "chai inachemka."

Hakukuwa na chai motoni. Pramila akaingia, akaiinjika.

Wapo watakaosema Revati angekataa. Angeweza kuvua pete akamrudishia Hemant. Wasemao hivyo mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kukataa kitu mbele ya sebule iliyojaa wajomba, huku sukari imeshafungwa. Revati alimtazama Hemant, Hemant akamtazama kwa macho ya mtu anayeomba asamehewe jambo ambalo bado hajalifanya, na Revati akainamisha kichwa. Wanawake walidhani ni haya.

Kabla ya harusi alimwambia mama yake jambo moja tu. "Usinisahau jina."

"Nitakuita kila siku," Pramila alisema.

Harusi ilikuwa nzuri. Watu walikula wakashiba, mvua haikunyesha. Baada ya chakula wanawake walianza mchezo wao wa kuyafumba majina ya waume ndani ya beti, kwani mke wa heshima hamtaji mumewe hivi hivi. Pramila ndiye fundi wa mchezo huo mtaani kwetu. Walimsukuma katikati, akajifuta mikono, akasema:

"Manjano nimetwanga, harufu yafika mbali,
Namtaja Keshavrao, mwenye nyumba na mali."

Wakashangilia, wakataka jingine, akatoa jingine. Angeweza kulisema jina la mumewe kwa njia zote hadi alfajiri. Shoga mmoja akapaza sauti: "Na la kwako je, fundi?" Wakacheka sana, naye akacheka nao, kisha akaenda kuhesabu vijiko ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa.

Bibi harusi akapelekwa Kolhapur.

Kesho yake, jua likishuka, Pramila alikuwa uani anaanua nguo. Basi la Kolhapur lilisikika likisimama barabarani, kisha likaondoka. Mlango wa uani ukafunguka. Aliingia binti aliyevaa sari ya pamba ya chuo, yenye madoa ya chaki kiunoni, maua ya asumini yamekauka nywelani. Alisimama pale aliposimama mwenzake.

Pramila alikusanya nguo mkononi hadi akaishiwa na nguo. "Konda amekutoza nauli?"

"Hakunitoza. Alisema kila msimu wa harusi hutubeba."

"Ameandika nini?"

"Hemangi."

"Hemangi."

"Kutoka jina lake. Hemant, Hemangi. Watu walipenda. Aliandika kwa mwandiko mzuri, akanitazama kabla ya kuanza."

"Na mwanangu alisema nini?"

"Alitaka kusema," binti alijibu. "Wakamlisha sukari."

Pramila alitamani kupiga kelele, na hakuona ni nani wa kumpigia. Akaingia ndani akaleta ungo wa pili. Msichana wa sketi ya buluu alisogea, na yule mwingine akaketi, wakabanana.

Bi Mkubwa alipowaona aliipima ngazi kwa macho. Kisha akamwagiza Keshavrao aite fundi wa mawe aipanue ngazi kabla mtu hajaanguka. Fundi alikuja na kamba, akauliza ipanuliwe kiasi gani.

"Iwe pana," Bi Mkubwa alisema. "Nyumba hii itapata wajukuu wa kike."

Ikapanuliwa, ikasakafiwa vizuri, ikatiwa hata kivuli cha mabati. Ni ngazi nzuri kuliko zote mtaani, na wanawake walikuja kuitazama, wakapima kwa shibiri, wakaenda kuwasema waume zao.

Pramila alishika ahadi yake. Kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko alisimama mlangoni akaita, "Revati," na yule wa chaki aliitika, "Abee, mama." Akaitika leo, akaitika kesho. Yule wa sketi ya buluu alisikiliza wito wa mwenzake akiwa ameinama. Pramila alijua kwamba ataita maadamu yupo, na hakuthubutu kuwaza mbele ya hapo.

Keshavrao naye alianza kumwita Mama Hemangi. Hakukusudia baya, ndivyo binti anavyoitwa, na barua za Kolhapur zilisema hivyo. Mara ya kwanza Pramila hakugeuka, akadhani ameitwa mtu mwingine. Akaita tena, na tena. Maji ya mto yalipopungua baada ya mvua, Pramila alikuwa anageuka.

Diwali ya kwanza baada ya harusi, bwana harusi na mkewe hualikwa ukweni. Walikuja pamoja na Mama Hemant, wakiwa na masanduku ya vitamu na fataki. Hemant alikuwa amenenepa kidogo, alimbebea mkewe mkoba, alimwinamia Bi Mkubwa miguuni kwa adabu. Nyumba ilinukia samli. Binti yake Pramila alikaa sebuleni katikati ya wageni, akiwahadithia habari za shule anayofundisha, anacheka kwa kicheko chake kile kile cha kukatika katikati. Wote walimwita Hemangi, Hemangi hivi, Hemangi vile, naye kila mara aligeuza uso upande wa sauti.

Pramila alikuwa jikoni anakaanga. Alitaka kumwona peke yake, hata kwa kitambo cha kugeuza andazi. Akasogea kwenye mlango wa sebule, akaita kwa sauti ile ile aliyomwitia tangu alipojifunza kutembea.

"Revati!"

Sebuleni hakuna aliyegeuka isipokuwa Mama Hemant, ambaye alinyanyua kichwa kidogo, akakiinamisha. Binti yake aliendelea na hadithi, mkono hewani, Hemant akimtazama. Pramila akaita tena, kwa nguvu zaidi.

"Revati! Mwanangu!"

"Abee, mama," ikajibu sauti kutoka uani.

Ndipo binti yake alipoyageuza macho, uso umejaa furaha, asiyejua lolote. "Mama, unamwita nani?"

Mafuta yalikuwa yanaungua. Pramila alimtazama mtoto wake usoni, nyusi zile, kidevu kile, kila kitu kipo mahali pake.

"Simwiti mtu," alisema. "Nilitaka chumvi."

Yule wa ngazini akaleta chumvi.